Samaki Husingiziwa, Kumbe ni Kachumbari: Dhana Potofu Kuhusu Mzio wa Mboga

Ukienda kula Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, utaletewa samaki, ugali na kachumbari. Mtu akianza kujikuna midomo, meza nzima humlaumu samaki. Mpwa wangu aliacha samaki mwaka mzima kwa sababu hiyo. Kisha siku moja jikoni kwangu alichovya kipande cha nyanya mbichi kwenye chumvi, akala. Hata hajamaliza, akaanza kukwaruza kaakaa kwa ulimi, akitoa ile sauti ya kooni kama anayeita kuku. Mdomo wa chini ukavimba. Samaki hakuwepo nyumbani siku hiyo.

“Mboga haina aleji, ni dawa waliyopulizia shambani.”
Ni kweli samaki, karanga, mayai na maziwa hujulikana zaidi kwa kuleta mzio, lakini mboga nazo zimo. Mwili hupambana na protini ya mboga yenyewe, kwa hiyo hata ukiosha mara tano, haitoki. Moto ndio huweza kubadilisha mambo. Baadhi ya protini za nyanya na karoti hufanana na za chavua ya mimea, nazo huharibika zikipikwa. Ndiyo maana mtu huwashwa na karoti mbichi, kisha akaila kwenye mchuzi bila shida. Seleri si ya kuaminiwa hivyo: kuna watu inaowadhuru hata ikiwa imepikwa.

“Kikikuwasha, una mzio nacho.”
Nduma isiyoiva humwasha kila mtu, kwa sababu ina chembe kama sindano ndogo zinazochoma mdomo na koo. Pilipili nayo huchoma kwa asili yake. Maharagwe yakikujaza gesi, hilo ni la tumbo, si la kinga ya mwili. Mzio huja upesi, aghalabu ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na hujirudia ukila kitu kilekile. Mdomo huwasha, midomo au kope huvimba, mafua na chafya huanza ghafla, tumbo husokota, wengine hutapika.

“Ngozi lazima iwe nyekundu.”
Hili linaniuma, kwa sababu limewapotosha wazazi wengi. Maelezo ya wekundu yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Mpeleke mtoto penye mwanga, kisha pitisha kiganja mgongoni na tumboni. Utahisi mabaka yaliyoinuka kama ya kung'atwa na mbu, ila mapana na yaliyoungana. Muulize pia kama anawashwa.

“Nimekula tangu utotoni, haiwezi kunidhuru leo.”
Inaweza. Mzio huanza umri wowote.

“Mpe kidogo kidogo, atazoea.”
Usijaribu nyumbani. Aliyewashwa tu leo anaweza kubanwa na koo siku nyingine, na hakuna anayeweza kukuhakikishia vinginevyo.

“Mpe maziwa, au Piriton, alale.”
Maziwa hayazimi mzio. Piriton hupunguza kuwashwa, lakini haifungui koo wala kupandisha presha iliyoshuka. Sauti ikikwaruza ghafla, akishindwa kumeza mate, akipumua kwa filimbi, akizunguzwa au kuzimia, hiyo ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja, kwa hiyo tafuta gari mara moja. Mlaze chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae, lakini asisimame wala kutembea. Hata akipata nafuu njiani, endeleeni hadi hospitali, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kwa dalili ndogo, chukua daftari. Andika alichokula, kikiwa kibichi au kimepikwa, saa aliyokula na saa dalili zilipoanza. Daktari atakayempima ngozi au damu ataanzia hapo, kwa kuwa kipimo peke yake kinaweza kuonyesha mzio kwa chakula ambacho mtu hula salama.

Daftari la mpwa wangu lilijaa kurasa mbili tu kabla ya kliniki kuthibitisha kuwa ni nyanya mbichi. Sasa tukienda Dunga anaagiza samaki mzima, na kachumbari analetewa kwa sahani tofauti, upande wangu.