Unauza nyumba? Usiandike bei ya uongo

"Wakili, kwenye mkataba tuandike milioni 8, zile 6 atanipa mkononi." Aliyeniambia hivyo juzi alikuwa ameshapiga hesabu: nyumba inauzwa milioni 14, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15, basi KRA, mamlaka ya kodi, itachukua milioni 2.1. Karibu kila anayeuza nyumba hapa Kenya huja ofisini na hesabu hiyo, nami nimechoka nayo. Kodi hii hutozwa faida, haitozwi bei.

Nikamwomba risiti. Akamwaga mezani mfuko wa plastiki, nusu ya karatasi zimefifia hazisomeki. Jamani, risiti ipige picha siku ileile unayopewa! Tulizoweza kuzisoma zilitosha. Alinunua milioni 6, akalipa ushuru wa stempu 240,000 na wakili 90,000, akajenga ukuta na vyumba viwili vya nyuma kwa 1,200,000. Dalali wa sasa anadai 420,000. Vyote hivyo hutolewa kwenye bei ya kuuzia. Faida ikabaki 6,050,000, na kodi yake ni 907,500.

Na huo uongo wa milioni 8 ungemfikisha wapi? Mthamini wa serikali huithamini nyumba kabla ya ushuru wa stempu kukadiriwa. Mnunuzi akikataa kutoa zile 6, utamshtaki kwa karatasi gani, ilhali sheria inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi? Naye mnunuzi, siku akiuza, atahesabiwa kuwa alinunua milioni 8, alipie faida ambayo hakuipata.

"Kodi atalipa mnunuzi." Hapana. Yake ni ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Ya faida ni yako, isipokuwa kama nyumba umeishi mwenyewe miaka 3 mfululizo hadi kuiuza, hapo umesamehewa.

"Hati ina jina langu peke yangu, mke hahusiki." Anahusika. Soma Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kisha uje naye.

"Mnunuzi asipouliza, sisemi." Upekuzi wa hati utamwonyesha rehani na zuio. Hautamwonyesha jirani mnayegombania mpaka, wala mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Niambie kabla sijaandika mkataba, niyaweke ndani. Akiyagundua katikati, atadai amana yake ya asilimia 10, na nimeona wauzaji walioshaitumia.