Mwalimu wa nyumbani haondoi wajibu wa shule

Hapa Arusha, kuanzia Njiro hadi Sakina, kuna dhana iliyozoeleka: ukimlipa mwalimu amfundishe mwanao sebuleni, umemaliza, na akikua atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafika 13 aandikishwe elimu ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Hata kama anasoma vizuri kuliko wenzake, jina lake linatakiwa liwe kwenye rejista ya mahudhurio.

Njia ya mtahiniwa wa kujitegemea ipo kweli, na imewaokoa wengi walioacha shule. Ila haianzii kidato cha nne: asiyefaulu mtihani wa kidato cha pili shuleni hupitia kwanza mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT. Inaniuma mzazi anapoligundua hili siku za usajili, kijana keshatimiza miaka 17.

Tuisheni ya jioni haina tatizo. Mwenye mtoto ambaye hajaandikishwa amwone mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya karibu, asisubiri.