Kwa nini kioo huonekana cheusi, na barabara iliyolowa hupotea usiku

Zima taa usiku, tandika karatasi nyeupe mezani, na juu yake weka kioo kidogo cha kujitazamia. Mulika vyote viwili kwa tochi kutoka upande mmoja, kimshazari, kisha simama pembeni utazame. Karatasi inang'aa. Kioo ni cheusi ti.

Nafundisha fizikia ya mwanga, na hili ndilo jaribio ninaloanza nalo kila ninapopata darasa jipya. Wanafunzi husogea mezani kuhakikisha kama kile ni kioo kweli, maana wanajua kioo ndicho hodari wa kurudisha mwanga. Wanajua sawasawa: kioo cha kawaida, chenye utando mwembamba wa alumini au fedha nyuma yake, hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaokiangukia. Lakini mwanga wote huo umekwenda upande mmoja. Ukigeuka utauona ukutani, doa jeupe kali. Jicho lako halipo kwenye njia yake, basi kwako kioo hakina kitu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Pale mwale unapogonga, simamisha mstari wima juu ya uso wa kitu. Pembe ambayo mwale unaoingia unafanya na mstari huo, yaani pembe ya tuo, ni sawa na pembe ya mwale unaotoka, yaani pembe ya akisi. Wagiriki wa kale waliijua, na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya 10, aliijaribu kwa kifaa maalumu akitumia vioo vya bapa na vya kupinda.

Sasa, vitabu vingi vya shule hugawa akisi mafungu mawili, ya vioo na ya vitu vyenye mkwaruzo, na mwanafunzi huondoka akidhani karatasi ina sheria yake. Haina. Karatasi ni mrundikano wa nyuzi zilizolala huku na huko, na kila kipande cha uzi kinatii kanuni ileile. Tofauti ni kwamba kila kimoja kina mstari wake wima, umeelekea kwake. Mwanga mwingine hupenya ndani, ukagongana na nyuzi kadhaa kabla ya kutoka. Matokeo yake hutawanyika pande zote, na popote uliposimama kuna sehemu inayofika machoni pako. Ndiyo maana unaweza kusoma ukurasa ukiwa umekaa upande wowote wa meza.

Swali zuri zaidi ni hili: uso uwe laini kiasi gani ndipo uwe kioo? Inategemea urefu wa wimbi. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Vinundu vya uso vikiwa vidogo sana kuliko hapo, wimbi halivihisi. Nyuzi za karatasi zina upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa mwanga, hiyo ni milima. Liangalie lile dishi kubwa la wavu linalosimama uani kwa watu kunasia televisheni. Unaona upande wa pili kupitia matundu yake, lakini mawimbi ya setilaiti linayoyapokea yana urefu wa sentimita 7 hivi, na kwa mawimbi hayo wavu ule ni kioo kilichosuguliwa vizuri.

Hapo tunafika barabarani, mahali ambapo natamani kila dereva angeielewa fizikia hii. Lami kavu ina mkwaruzo. Taa zako zikiimulika, hutawanya mwanga, na sehemu yake hukurudia, ukaiona njia. Mvua ikinyesha, maji hujaza mashimo ya lami na kutandika uso laini juu yake. Maji yakimulikwa kutoka juu moja kwa moja hurudisha asilimia 2 tu ya mwanga. Lakini taa ya gari iliyo kimo cha sentimita 70 inaigonga lami ya mita 40 mbele kwa mlalo wa pembe ya nyuzi 1 hivi kutoka usawa wa barabara, na kwa mlalo huo maji matulivu hurudisha karibu asilimia 90. Mwanga wako unateleza mbele na kumchoma macho anayekuja. Wake unakuchoma wewe. Barabara iliyo kati yenu imekuwa kile kioo cheusi cha mezani, na kuwasha taa kali hakuiangazi. Kunamuumiza tu mwenzako.

Dawa yake ni vifaa vinavyourudisha mwanga ulikotoka. Panga vioo vitatu vikutane kwa pembe mraba, kama kona ya sanduku: mwale ukidunda mara tatu humo, hutoka ukielekea kulekule ulikotokea. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kifaa cha namna hiyo mwaka 1969, na miale ya leza inayotumwa kutoka duniani hurejea baada ya sekunde 2.5 hivi. Stika nyingi zilizobandikwa nyuma ya malori zina kona kama hizo, ndogondogo, au shanga za kioo zinazofanya kazi hiyohiyo.

Shika tochi ubavuni mwa jicho uimulike stika ya lori lililoegeshwa gizani: inawaka. Nyoosha mkono uiweke tochi mbali na kichwa, na ileile inafifia, kwa sababu mwanga unairudia tochi, na jicho limebaki kando. Dereva wa gari dogo macho yake yako karibu na taa zake. Wa lori ameketi juu sana kuliko taa zake, kwa hiyo stika hiyohiyo, kwa umbali uleule, humrudishia mwanga hafifu zaidi.