Tangi Lililokomaa: Maana Yake kwa Mfugaji wa Samaki Mandarini

Wafugaji wa samaki wa matumbawe wakisema tangi limekomaa, hawasemi kwamba limekaa siku nyingi, wala kwamba maji yake yanang'aa. Wanasema viumbe wadogo waliomo ndani yake wameshazaana vya kutosha kuliendesha. Ukomavu huo una hatua mbili, na wengi huishia ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni ya maji. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha bakteria wengine huigeuza hiyo kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina neno. Kwa kawaida hali hutulia baada ya wiki 4 hadi 6. Ukipima ukakuta amonia na nitriti ni sifuri, samaki mstahimilivu anaweza kuingia.

Mandarini bado. Yeye anangoja hatua ya pili, ya chakula.

Jina lake la kisayansi ni Synchiropus splendidus, na kwao ni Pasifiki ya Magharibi, kuanzia visiwa vya Ryukyu huko Japani hadi Australia. Ana urefu wa sentimita 6 au 7 hivi, mwili wa buluu uliochorwa mistari ya rangi ya chungwa iliyojipindapinda. Buluu hiyo ni rangi kweli, imo ndani ya seli za ngozi; samaki wengine wengi huonekana wa buluu kwa sababu tu ya jinsi ngozi yao inavyorudisha mwanga. Hana magamba, ila amefunikwa na ute mzito wenye harufu mbaya. Uzuri wake ndio unaomponza: mtu humwona dukani, akamchukua siku hiyohiyo.

Kutwa nzima hutembea polepole juu ya mawe, akisimama, akikodoa macho, akidonoa kopepodi mmoja mmoja. Hao ni vidudu wa jamii ya kamba, wengi wao hawafiki hata milimita 2. Mandarini wengi waliovuliwa baharini hawatambui chakula kikavu wala kilichogandishwa. Ukikimwaga, wenzake watakigombania, yeye ataendelea kulitazama jiwe. Ndiyo maana vipimo vya maji vinaweza kuwa safi kabisa huku yeye akifa njaa taratibu, wiki baada ya wiki. Mtazame ubavuni: tumbo likiwa limebonyea na mifupa ya mgongo imeanza kutokeza, ameshinda na njaa muda mrefu.

Kujua kama hatua ya pili imefika, zima taa, ngoja saa moja au mbili gizani, kisha mulika kioo kwa tochi. Utaona vidoa vyeupe vikitambaa na kurukaruka kwa mishtuko midogo. Hao ndio kopepodi. Ukiona wawili watatu, subiri. Wakiwa wametapakaa kwenye kioo na kwenye mawe, tangi lina akiba. Kufika hapo huchukua miezi, mara nyingi 6 au zaidi, na tangi dogo hata likikaa mwaka haliwezi kumlisha; lita 200 na kuendelea, zenye mawe mengi yenye matundu, ndizo salama zaidi. Inasaidia sana kuwa na chumba cha pembeni chenye mwani, ambamo maji hupita lakini samaki hawafiki. Kopepodi huzaliana humo kwa amani, na mkondo huwaleta kwenye tangi kidogo kidogo. Usimchanganye na samaki wengine wanaowinda vidudu haohao, maana ni wepesi kuliko yeye na watamaliza kila kitu.

Siku hizi wapo mandarini waliozalishwa na binadamu, ambao mara nyingi wamezoeshwa chakula kilichogandishwa tangu wadogo. Mimi ningemchagua huyo. Hata hivyo, kabla hujalipa, mwombe muuzaji amlishe mbele yako, na umwone akimeza.