Je, wajua kwa nini wapiganaji wa Afrika Kusini waliishia Kaweweta?

Kaweweta ni kambi ya jeshi katika wilaya ya Nakaseke, kwenye ukanda wa wafugaji kaskazini mwa Kampala. Lugha ya jeshi pale ni Kiswahili, lakini chuo kimoja kina jina la mgeni: Oliver Tambo, aliyekuwa rais wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Vijana wa jeshi la chama hicho, Umkhonto we Sizwe, walianza kuhamia hapa mwaka 1989 wakitokea Angola. Kwa nini waondoke Angola, nchi iliyokuwa jirani zaidi na kwao?

Angola ilipata uhuru tarehe 11 Novemba 1975 ikiwa imekwisha kupasuka. Chama cha MPLA cha Agostinho Neto kilishika mji mkuu, Luanda, kwa silaha za Wasovieti na askari wa Cuba. Mahasimu wao, UNITA ya Jonas Savimbi, wakajichimbia porini, wakibebwa na Marekani na makaburu wa Afrika Kusini. Tunasema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Safari hii tembo walibaki Washington na Moscow, nyasi ndizo zikapewa bunduki. Afrika nayo iligawanyika. Kwenye kikao cha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mjini Addis Ababa, Januari 1976, nchi 22 zilitaka MPLA itambuliwe, nyingine 22 zikataka serikali ya umoja. Uganda haikuegemea upande wowote, kwa kuwa Idi Amin ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Kinachonishangaza mimi ni mafuta. Visima vya Cabinda, jimbo la Angola, vilikuwa vya kampuni ya Kimarekani, Gulf Oil. Fedha zake ziliingia hazina ya Luanda, zikanunua silaha za Kisovieti, na waliokuwa wakivilinda ni Wacuba! Mei 1985 makomando wa Afrika Kusini walinaswa huko wakienda kulipua matangi ya rafiki yao Mmarekani. Mwaka uliofuata Washington ikaanza kumpelekea Savimbi makombora ya Stinger ya kutungulia ndege za serikali ileile.

Vita vilikwama Cuito Cuanavale, kusini mwa Angola, mwaka 1988, wakubwa wamechoka kulipa. Tarehe 22 Desemba, New York, Angola, Cuba na Afrika Kusini zikatia saini: Wacuba waondoke, Namibia iliyokuwa mikononi mwa Afrika Kusini iwe huru. Katika maelewano hayohayo ANC ikatakiwa kufunga kambi zake Angola, ingawa haikuwa miongoni mwa waliosaini. Yoweri Museveni, aliyeingia madarakani 1986, akawapa nafasi Kaweweta, upande uleule wa Luwero alikopigania vita vyake vya msituni.

Savimbi naye hakusaini. Misaada ya Wamarekani ilipokauka aligeukia almasi, akapigana hadi alipouawa Februari 2002. Kufikia siku hiyo Umoja wa Kisovieti ulikuwa na zaidi ya miaka 10 tangu usambaratike, na wageni wa Kaweweta walikwisha kurudi kwao, chama chao kikitawala.