Mpotoko si kelele, wala si tusi

Rafiki yangu mmoja anayejiundia amplifaya alinipigia juzi. "Ndugu yangu, hii kitu ina distosheni, hebu njoo usikie." Nikaenda. Akaiwasha, wimbo hata hajauweka, spika zikaanza kuvuma mmmm kama friji iliyochoka. "Umesikia?" Nilisikia. Ila hiyo si distosheni, na kwa kuwa huyu ni mtu wa tatu kunionyesha mvumo akauita jina hilo, bora niandike mara moja, nipumzishe mdomo.

Maana yenyewe ni fupi. Amplifaya hupokea wimbi dogo la umeme, na kazi yake ni kulitoa likiwa kubwa lakini na umbo lilelile. Umbo likitoka limebadilika, mabadiliko hayo ndiyo distosheni. Ingiza sauti moja safi ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Ukikuta upande wa pili pana na hezi 2,000 kidogo na 3,000 kidogo, hizo nyongeza, ziitwazo hamoniki, ni zao la umbo kupinda. Zipime kwa pamoja, zilinganishe na sauti ya asili, utapata ile asilimia inayoandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Basi.

Tuje kwenye neno, maana hapo ndipo naona ugomvi wote, wa wanaoamini vipimo na wanaoamini masikio, unapoanzia. Wanaoandika Kiswahili cha kujitahidi husema "upotoshaji". Shina lake halina tatizo: potoa ni kupinda kitu kikaenda kombo, na Kilatini kilichozaa distosheni, torquere, nacho ni kupinda au kusokota. Tochi nayo asili yake ni hukohuko, kwa sababu mienge ya zamani ilisokotwa. Kwa hiyo tochi na distosheni ni ndugu wa ukoo mmoja hata kama hawajuani. Kasoro iko kwenye mnyambuliko. Kupotosha kuna mtu ndani yake, tena mara nyingi mtu mwenye nia. Watu hupotosha habari, hupotosha vijana. Sasa mwambie mtu aliyekesha siku tatu akichomelea transista, vile vipande vinavyokuza wimbi, kwamba amplifaya yake "inapotosha sauti", uone uso unavyobadilika. Ni kama umemwita mwongo. Atajitetea, atasema vipimo vyako havina masikio, nawe utamjibu kwamba masikio yake hayana vipimo, na jioni imekwisha hivyo.

Kupotoka hakumshtaki mtu. Kitu kimepotoka, kimekwenda upande, basi. Pasuka imetupa mpasuko, lipuka ikatupa mlipuko, poromoka ikatupa mporomoko; potoka nayo itupe mpotoko. Wimbi lina mpotoko wa asilimia 0.1, na hakuna aliyetukanwa.

Kelele ni jambo jingine kabisa. Kelele ipo hata wimbo usipokuwepo: mvumo wa umeme wa ukutani, ile shhh nyembamba ya rezista na transista, mlio wa simu iliyowekwa karibu. Mpotoko hauwezi kukaa peke yake, unahitaji wimbi la kulipinda. Ukitaka kuvitenganisha, chomoa nyaya za wimbo, unganisha ncha mbili za ingizo kwa kipande kifupi cha waya, kisha sikiliza. Unachosikia hapo ni kelele yote, na hakuna hata chembe ya mpotoko.

Mpotoko mmoja naufahamu hadi sura. Nilijenga amplifaya ambayo mchana, voliumu ikiwa juu, ilinipendeza sana. Usiku, nikiipunguza nisiwaamshe watu, sauti ya mwimbaji ilikuwa na punje ya mchanga kooni. Nikaweka osiloskopu, chombo kinachochora wimbi kwenye kioo. Wimbi linalotakiwa kuvuka sifuri kwa mteremko laini lilikuwa na kijingazi pale katikati. Transista za kutokea zilikuwa mbili, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta, na kila moja huanza kuamka ikipata kama volti 0.6. Karibu na sifuri zote mbili zilikuwa zimelala. Nikazungusha ile rezista ndogo ya kurekebisha mkondo wa mapumziko, yaani umeme unaozipitia transista hata wimbo usipokuwepo, taratibu, jicho kwenye kioo na kidole kwenye hitisinki, kile chuma cha kuzipooza, maana ukizidisha utazikaanga. Kingazi kikajifunga. Mchanga ukaisha kooni.

Kingazi kile hakikuwa kikikua na voliumu. Wimbi likiwa kubwa kilimezwa. Likiwa dogo kilikuwa sehemu kubwa ya kila nilichosikia. Asilimia ya kwenye karatasi hupimwa mara nyingi karibu na wati za juu kabisa, kwa hiyo saketi yenye kasoro hiyo inaweza kuandikiwa namba nzuri na bado ikakwaruza usiku. Hapo masikio yalikuwa yamesema kweli, na aliyeuliza swali la juujuu ni yule aliyepima mahali pamoja tu.

Tena asilimia hazifanani hata zikilingana. Hamoniki ya pili ni oktavu ya sauti ya asili, yaani noti ileile ikiwa juu zaidi, inajificha ndani yake bila kuleta vurugu. Ya saba au ya tisa haina pa kujificha. Jambo hili si uvumbuzi wa wapenda vali, zile taa za kioo zilizokuza sauti kabla ya transista: mwaka 1950 D.E.L. Shorter wa shirika la utangazaji la BBC alipendekeza kila hamoniki ipewe uzito unaokua kwa mraba wa namba yake, ili kipimo kikaribiane na sikio. Na vali zenyewe hazikuumbwa kupindisha. Saketi ya vali aliyoichapisha D.T.N. Williamson mwaka 1947 ililenga mpotoko usiozidi asilimia 0.1 kwenye wati 15. Anayesema "napenda vali kwa sababu ya mpotoko wake" anasifu saketi fulani, hasifu vali.

Wanaoamini masikio nao wana maneno yao: "Yangu haina distosheni, nimeisikiliza mwenyewe." Sikio haliwezi kushuhudia hilo. Linaweza kusema nimetambua tofauti, au nimependa. Umbo la wimbi ni swali la tatu, na linaulizwa kwa vyombo. Harold Black wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, aliyechora wazo la mrejesho hasi (kurudisha mlangoni sehemu ya wimbi lililotoka, ikiwa kinyume, ili kosa lijifute) kwenye ukurasa wa gazeti akiwa juu ya feri ya mto Hudson mwaka 1927, hakuwa akitafuta sauti tamu. Alikuwa na laini za simu zinazopitia amplifaya nyingi moja baada ya nyingine, na kupinda kidogo kwa kila moja kulikuwa kunajumlishana.

Hata hilo la kutambua tofauti lina masharti yake. Amplifaya mbili zikipishana ukubwa wa sauti kwa nusu desibeli tu, ile yenye sauti ya juu kidogo itasifiwa kuwa na besi na uwazi zaidi, na msikilizaji hatajua kwamba anasifu voliumu. Zisawazishe kwa voltimita kwenye terminali za spika, tofauti isizidi kama asilimia 1 ya volti. Kisha mwingine abadilishe bila wewe kuona, mara 16, nawe kila mara useme ni ipi inayocheza. Ukipatia 12 au zaidi, tutazungumza, kwa sababu kubahatisha tu kunafika hapo chini ya mara 4 katika 100. Nilipojaribu mara ya kwanza nilipata 9. Sikulala vizuri.

Tukirudi kwa rafiki yangu: nyaya zake za ardhi zilikuwa zimeungwa hapa na pale kwenye kasha, kila moja ilipopata nafasi. Tukazikusanya zote kwenye nukta moja kati ya kapasita kubwa za pawasaplai, sehemu inayolisha amplifaya umeme, na mvumo ukakatika. Akaweka wimbo, akapandisha voliumu, akapandisha tena, mpaka spika zikaanza kukwaruza. Akanigeukia: "Na hii?"

Hiyo ndiyo yenyewe, nikamwambia. Wimbi limegonga dari ya volti, vichwa vyake vimekatwa bapa.

Akaiacha voliumu palepale kwa muda, anasikiliza, kisha akasema besi imenoga.