Mkono umelegea baada ya ajali: yanayosemwa kuhusu kipimo cha umeme wa mishipa, na ukweli wake

Kijana mmoja aliteleza na bodaboda kwenye mteremko wa kuingia Uyole, akatua kwa bega la kushoto huku kichwa kikivutwa upande wa pili. Mtulinga ulivunjika, ukaunga vizuri. Mkono ndio haukurudi. Alipofika kwangu kwa fiziotherapia ilikuwa mwezi wa 14 tangu ajali, mkono unaning'inia, msuli wa bega umeyeyuka hadi mfupa unahesabika kwa macho. Mama yake aliniambia, "Daktari, eksirei ilikuwa safi, ndiyo maana tulikuwa tunamchua tu."

Naandika kwa ajili ya mama huyo na wengine wengi. Kipimo ninachozungumzia kina sehemu mbili: shoti ndogo juu ya ngozi kuona kama mshipa wa fahamu unapitisha umeme hadi kwenye msuli, kisha sindano nyembamba inayoingizwa kwenye msuli kusikiliza umeme wake kwa spika.

"Eksirei ni safi, basi mishipa ni mizima." Eksirei huonyesha mifupa. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano, ikapita nyuma ya mtulinga na kushuka kwapani, na kwenye picha hiyo haionekani kabisa. Bega likivutwa chini na kichwa kikaenda upande mwingine, mizizi hiyo inaweza kunyooshwa, kukatika au kung'oka kwenye uti wa mgongo bila mfupa hata mmoja kuvunjika. Hata bega kuteguka tu kunaweza kuumiza mshipa unaoinua mkono.

"Apimwe leo leo, tujue moja." Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata baadhi yetu wa afya. Mshipa uliokatika haufi papo hapo. Kipande kilichobaki upande wa mkono huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukikipima siku ya tatu kinajibu kama kizima. Misuli huacha kujibu baada ya wiki moja hivi, mishipa ya hisia baada ya siku kama 10 au 11. Dalili zinazosikika kwa sindano huchukua wiki 2 hadi 3, na kwa misuli iliyo mbali na jeraha hata wiki 4. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika hupangwa wiki ya 3 au ya 4. Kusubiri huko kusimlaze mgonjwa nyumbani: mkono ushikiliwe kwa kombeo, viungo vinyooshwe kila siku visikakamae, rufaa iandikwe mapema. Na kama jeraha ni la panga au kisu na mkono umelegea palepale, daktari wa upasuaji amwone mara moja bila kungoja kipimo.

"Ile shoti ni tiba," au kinyume chake, "inaua mishipa." Si kweli zote mbili. Shoti ni ndogo, inashtua tu. Sindano ya sehemu ya pili ni nyembamba na haipitishi umeme wowote, inasikiliza. Nimekaa pembeni ya wagonjwa wakati wa kipimo hicho. Msuli mzima ukitulia, spika inakaa kimya. Msuli uliokatiwa mshipa unatoa mlio kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati. Mwenye betri ya moyo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla.

Jambo dogo la kwetu: baridi. Mwezi wa saba, Mbeya au Makambako, mtu anaingia na vidole kama barafu. Mkono wa baridi hupitisha umeme polepole, na mshipa mzima unaweza kuonekana mgonjwa. Kiganja kipashwe moto kifike nyuzijoto 32 hivi. Beseni la maji ya uvuguvugu linatosha, na mgonjwa ana haki ya kuliomba.

"Mishipa ya hisia inajibu vizuri, tumshukuru Mungu." Natamani habari hii ingekuwa njema siku zote. Kama kiganja kimekufa ganzi kabisa, misuli haijibu, lakini mshipa wa hisia unajibu barabara, hiyo ni dalili mbaya. Seli za mishipa ya hisia zimekaa kwenye fundo dogo nje kidogo ya uti wa mgongo. Mzizi ukinyofoka kati ya fundo hilo na uti wa mgongo, mshipa unabaki hai kwa sababu bado umeshikana na seli zake. Unazungumza, ila ubongo hausikii. Mzizi ulionyofoka hivyo haujiungi wenyewe, na daktari wa upasuaji anapaswa kujua mapema.

"Kapimwa mara moja, imetosha." Kipimo cha kwanza hakiwezi kutofautisha mshipa uliokatika kabisa na ule ambao nyuzi zake zimekatika lakini ganda lake ni zima. Tofauti huonekana mwezi wa 3 hivi, kinaporudiwa: je, kuna msuli ulioanza kupata uhai?

"Tumchue, tusubiri, utarudi wenyewe." Wapo wanaorudi, hasa ambao mshipa umebanwa au kunyooshwa kidogo. Lakini mshipa hukua kama milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni sentimita 70 hivi, yaani karibu miaka 2, na msuli usiopata mshipa kwa miezi 12 hadi 18 hugeuka mafuta na makovu. Kwa hiyo, pale panapohitajika kuunga au kuhamisha mishipa, madaktari hupenda kufanya kati ya mwezi wa 3 na wa 6.

Kijana wa Uyole alikuwa amepita hapo. Alichoelezwa ni kuhamishiwa msuli au kano kutoka sehemu nyingine ili akunje kiwiko. Siku hizi, nikipokea mgonjwa wa bega, kabla sijagusa mkono naandika tarehe ya ajali juu ya kadi, kisha nahesabu wiki.